Kuchora Hakulipi? Hakulipi Kwa Sababu Nyie Hamlipi!

  Zamu za usiku huku Johannesburg ndizo zilizonifanya nipotee. Leo sina picha za kuwaonyesha wala habari za bei ya nyama. Leo nimekuja na ugomvi. Nitasema kwa adabu, lakini nitasema.

Wengi mnajua kilichotokea. Binti wa kaka yangu kamaliza Kidato cha Sita, mchepuo wa PCB, na kafaulu vizuri tu. Akawaambia wazazi wake kwamba anataka kusomea usanifu wa michoro, yaani hiyo kazi ya nembo, mabango, vitabu na vifungashio ambayo nyie mnaiita "mambo ya grafiki". Basi kundi la WhatsApp la ukoo likawaka moto! Baba mkubwa kaandika kwamba kuchora ni mchezo wa watoto wa chekechea. Mjomba kaandika neno moja tu: "Hakulipi." Mwingine, nadhani alitaka kunisifu, kaandika: "Afuate nyayo za shangazi yake, nesi, yupo Sauzi anakula kuku kwa mrija." Mwisho wa yote mkanitumia hesabu ya ada ya chuo cha unesi, nilipe mimi. Mtoto mwenyewe hakuna aliyemuuliza hata swali moja.

Haya. Jibu langu naliweka hadharani ili asije mtu akasema hakusikia. Ada ya unesi silipi. Ada ya usanifu wa michoro nitachangia, kwa masharti nitakayoyataja. Na nyie mnaosema kuchora hakulipi, leo nitawaonyesha ni nani hasa asiyelipa.

Tuanze na mimi, kwa kuwa mmenifanya fimbo ya kumchapia mtoto. Unesi naupenda na unanilisha, lakini hiyo habari ya kuku kwa mrija sijui mmeitoa wapi. Ili nishike sindano katika nchi hii ilibidi vyeti vyangu vikaguliwe kimoja kimoja, kisha nisajiliwe na Baraza la Wauguzi la Afrika Kusini, karatasi juu ya karatasi. Nasimama saa kumi na mbili kwa zamu moja. Wala msidhani kozi za afya zina ajira ndani yake kama kokwa ndani ya embe. Mwaka 2024 na tena 2025, madaktari waliokwisha kuhitimu hapa Afrika Kusini walilalamika hadharani kwamba serikali haina bajeti ya kuwaajiri. Madaktari, jamani! Na hapo nyumbani nyie wenyewe mnawajua vijana wenye vyeti vya afya wanaosubiri ajira huku wanaendesha bodaboda. Kwa hiyo tusitishane kwamba kozi hii ni ugali na kozi ile ni njaa.

Kuna na jambo jingine ambalo asiyekesha wodini halijui. Nesi aliyelazimishwa na wazazi anajulikana. Mgonjwa humtambua kabla ya matroni. Zamu anamaliza, daftari anasaini, lakini hamgeuzi mgonjwa aliyelalia upande mmoja mpaka aambiwe. Kidonda cha mgongo hakijui kwamba kozi ilichaguliwa na baba mkubwa. Mimi sitatoa hela yangu kutengeneza nesi wa aina hiyo halafu siku moja alazwe mama yangu mikononi mwake.

Sasa nije kwa baba mkubwa na huo mchezo wa chekechea. Shikamoo baba mkubwa. Ukifika mapokezi ya dharura katika hospitali nyingi za serikali huku, hupangiwi kwa kuwahi wala kwa kujuana. Upo utaratibu ulioanzia Cape Town, sasa unatumika nchi nzima, wa kumpa kila mgonjwa rangi. Nyekundu, ahudumiwe papo hapo. Chungwa, ndani ya dakika 10. Njano, ndani ya saa moja. Kijani, anaweza kungoja mpaka saa nne. Nesi aliyechoka saa tisa usiku hana nafasi ya kusoma insha, anaona rangi na miguu inakwenda. Kuna mtu alikaa akafikiri jinsi ya kuyageuza maarifa ya daktari kuwa kitu kinachoonekana kwa jicho moja tu. Huo ndio usanifu.

Chukua na dawa. Zipo mbili, hydralazine ya shinikizo la damu na hydroxyzine ya mzio. Zisome haraka uone zinavyofanana. Marekani, kuanzia 2001, mamlaka ya dawa ilihimiza majina ya namna hii yaandikwe kwa kukuza herufi zinazotofautiana: hydrALAZINE, hydrOXYzine. Hawakubadili dawa, wala hawakuongeza mashine. Walibadili sura ya herufi ili mkono wa nesi usiende kwenye kichupa kisicho chake. Mchezo wa watoto huo?

Na kwa kuwa mnampenda sana nesi, ngoja niwakumbushe mama wa manesi wote, Florence Nightingale. Mnamjua kwa taa yake tu. Aliporudi kutoka vita vya Crimea alikuwa na hesabu za vifo mkononi: askari waliokufa kwa maradhi yaliyoweza kuzuilika walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Alijua wakubwa wa London hawasomi majedwali. Mwaka 1858 akatoa mchoro wa duara uliokatwa vipande kama keki, kila kipande mwezi mmoja, kila rangi sababu yake ya kifo. Mtu akiutazama tu anashtuka. Mchoro huo ulisaidia sana katika kudai usafi kwenye hospitali za jeshi. Mwalimu wetu wa kwanza, jamani, alikuwa nesi na msanifu wa michoro kwa wakati mmoja!

Hata ile kadi ya kliniki aliyokuwa akiitunza bibi kwenye sanduku, yenye mistari inayopanda kufuata uzito wa mtoto, ina mwenyewe. Wazo lile lilitokana na kazi ya daktari David Morley kijijini Nigeria, miaka ya 1950. Alitaka mama asiyejua kusoma aweze kuona mwanawe anapanda au anashuka. Nyie nyote mmekua juu ya mchoro ule.

Tutoke hospitalini tuingie mjini. Mimi nakaa hapa hapa katikati ya Johannesburg, kwenye makelele yote. Kusimamisha teksi huku, yaani hivi vipanya vyao, hupigi kelele "shusha!" Unanyoosha kidole cha shahada juu, dereva anajua unakwenda mjini. Kila upande wa jiji una ishara yake ya mkono. Msanii mmoja, Susan Woolf, alizikusanya ishara hizo akazichora, akazitengenezea na kitabu cha wasioona, na mwaka 2010 zikatoka kwenye stempu za posta. Lugha ya barabarani ikawa stempu!

Ukipita Barabara ya Rahima Moosa, ile iliyokuwa ikiitwa Jeppe mpaka jina lilipobadilishwa, kila ukuta unasema: vibao vya saluni, bei za simu, stika za vioo. Kwenye taa za barabarani, huku wanaziita roboti, utapewa vipeperushi mpaka mikono ijae. Kimoja cha kukata rufaa ya viza, kingine cha mganga anayerudisha mpenzi aliyepotea. Na waganga wengine wanajiandika kabisa kwamba wametoka Tanzania! Nacheka peke yangu njiani. Hata mganga anajua: kabla ya dawa, kipeperushi. Yeye amemlipa mchoraji. Nyie je?

Panda kilima kidogo kutoka mjini, upande wa Braamfontein, utafika Mahakama ya Katiba, iliyofunguliwa 2004 pale palipokuwa gereza. Mandela aliwahi kuwekwa pale, Gandhi pia. Mahakama ile ina herufi zake yenyewe, alizosanifu Garth Walker wa Durban. Hakuzitoa kwenye kompyuta tu. Alikwenda gerezani mle kutazama maandishi yaliyobaki kwenye kuta na vibao, akatengeneza herufi kutokana na hayo. Leo jina la mahakama lipo mlangoni kwa lugha 11, kwa mwandiko uliozaliwa mahali watu walipofungwa. Mtu akikwambia herufi ni herufi tu, mlete hapa nimtembeze.

Halafu kuna bendera yao. Kabla ya uchaguzi wa 1994, wananchi waliombwa walete mapendekezo, yakaja zaidi ya 7,000. Unajua mangapi yalifaa? Hakuna. Wakaitwa na wataalamu wa studio, bado haikukaa sawa. Mwishowe ukachukuliwa mchoro wa Frederick Brownell, mtu aliyefanya kazi ya nembo za serikali, na tarehe 27 Aprili 1994 ikapandishwa bendera ambayo leo kila mtu anaivaa kwenye mpira. Basi, yule anayesema "kuchora kila mtu anaweza", ajibu hesabu hii: mapendekezo zaidi ya elfu saba yaliletwa, yakashindwa.

Tena watu wamekufa kwa kazi hii. Thami Mnyele, kijana wa Alexandra hapa Johannesburg, alikuwa mchoraji wa mabango na mpigania uhuru. Makaburu walivuka mpaka wakamuua Gaborone, Juni 1985. Na nyie mnaodhani usanifu ni mambo ya wazungu, jueni kwamba Selby Mvusi, Mwafrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, ndiye mmoja wa waliojenga mafunzo ya usanifu chuo kikuu Nairobi katikati ya miaka ya 1960, mpaka ajali ya gari ilipomchukua 1967. Afrika Kusini ilitupa mwalimu wakati sisi tunawapa wapigania uhuru wao mahali pa kulala. Leo mtoto wetu akitaka kuja kusoma kwao tunasema ni upuuzi?

Tena mama zangu, hivi mmevaa nini hapo mlipo? Kanga! Ina pindo, ina mji, ina jina. Jina likikosewa nafasi, au mji ukizidi pindo, hamnunui. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza 1887, kanga zake watu walizijua kwa alama ya Mali ya Abdulla. Dar, kiwanda cha Urafiki kilianza 1968. Miaka zaidi ya mia moja wanawake wa pwani wanatoa hela kwa ajili ya mchoro na maneno yaliyopangwa vizuri kwenye nguo. Mama mkubwa anaweza kukataa kanga kumi dukani akachagua ya kumi na moja, halafu anarudi nyumbani kuandika kwenye simu kwamba michoro haina soko. Mama mkubwa, wewe ndiye soko!

Sasa mjomba na neno lako moja. "Hakulipi." Nakupa heshima yako, kwa sababu hapa una ushahidi. Mei 2017 watu walimkuta Buguruni, Dar es Salaam, mzee Francis Kanyasu, aliyejulikana kama Ngosha, akiishi kwenye umaskini wa kutisha. Alisema yeye ndiye aliyechora nembo ya Taifa, ile ya bibi na bwana na mwenge. Wapo waliobisha, wakataja watu wengine. Alifikishwa Muhimbili, na mwezi huo huo akafariki. Mimi jambo la kubishaniwa ndilo linaloniuma. Nembo ipo kwenye kila pasipoti na kila jengo la serikali, halafu miaka zaidi ya hamsini baadaye nchi nzima inaulizana ni nani aliyeichora! Huku nembo ya Taifa ilibadilishwa tarehe 27 Aprili 2000 na jina la msanifu wake, Iaan Bekker, linajulikana wazi.

Mjomba, wewe ukiisikia habari ya Ngosha unasema: unaona, kuchora ni umaskini. Mimi nasema: tazama vizuri. Mchoro wenyewe haukushindwa hata siku moja. Umefanya kazi mchana na usiku tangu tupate uhuru. Kilichokosekana ni mkataba, jina kwenye kumbukumbu, na mtu wa kulipa.

Mfano mwingine. Mwaka 1971 mwanafunzi wa usanifu Marekani, Carolyn Davidson, alilipwa dola 35 kwa kuchora alama ya Nike. Alama ile leo ipo mpaka kwenye raba za bandia Kariakoo. Kampuni ilimkumbuka 1983 ikampa hisa, bahati yake. Na hapa hapa Johannesburg, kwenye muziki, Solomon Linda alirekodi "Mbube" 1939, akauza haki zake kwa shilingi 10, akafa maskini 1962 wakati dunia inaimba wimbo wake. Familia yake ilikuja kupata suluhu mwaka 2006, baada ya kesi. Msinielewe vibaya, dunia nzima ina tabia ya kumla msanii mchana kweupe. Lakini hakuna aliyesema wimbo haukuwa na thamani. Thamani ilikuwepo, ikaenda kwa aliyeshika kalamu ya mkataba.

Na sisi nyumbani hatujafika hata kwenye dola 35. Huyu binti amechora nini mpaka sasa? Kadi za mchango za harusi ya mtoto wa baba mkubwa. Nembo ya duka la mjomba, lile bango la bluu mnalopigia picha. Stika za pikipiki za kijana wa jirani. Kipeperushi cha kikundi cha kuweka na kukopa cha mama mkubwa. Fulana za msiba wa babu, usiku mmoja, na umeme ulikatika mara mbili. Malipo yake? "Mungu akubariki mwanangu." Soda moja. Mjomba hata vocha ya simu hukumpa! Halafu unakuja kundini unaandika "hakulipi". Kweli hakulipi mjomba, nawe ndiye wa kwanza kwenye orodha ya wasiolipa.

Fundi wa choo mnamlipa. Fundi cherehani mnamlipa, tena mnampa na nauli. Mpishi wa pilau mnamlipa nusu kabla hajaosha sufuria. Lakini aliyekaa siku tatu akipanga herufi za kadi iliyowaleta watu mia tatu na michango yao, huyo "anabonyeza bonyeza tu kompyuta". Kama ni kubonyeza tu, kwa nini hamkubonyeza wenyewe?

Nimemaliza na wakubwa. Sasa nigeuke kwako binti yangu, maana najua unasoma na unacheka. Usicheke. Nitakuchangia, lakini sitachangia uvivu.

Kwanza, kujua programu si kujua kazi. Mimi kujua kushika bomba la sindano hakukunifanya nesi. Chora kwa mkono kila siku, penseli na karatasi. Gado, Mtanzania mwenzetu aliyekuwa mchora katuni wa Nation ya Nairobi kuanzia 1992 mpaka 2016, alianza kusomea usanifu wa majengo Ardhi kabla hajaondoka. Mkono wake ulikuwa umeshafunzwa kabla ya jina kukua.

Pili, kabla ya chuo utakaa miezi sita kwenye duka la uchapaji Kariakoo, hata kama ni kufagia. Ujifunze kwa nini bluu nzuri ya kwenye simu inatoka zambarau kwenye karatasi. Kioo kinachanganya mwanga wa rangi tatu, mashine ya chapa inachanganya wino wa rangi nne, na wasiojua hilo ndio wanaopeleka kadi elfu moja jalalani. Ujue kuacha milimita 3 pembeni kwa ajili ya kisu. Ujue kwa nini picha iliyochukuliwa WhatsApp ikiwekwa kwenye bango inageuka kuwa vigae. Haya hayamo kwenye video za mtandaoni za dakika tano.

Tatu, kusanya mkoba wa kazi zako. Vyuo vya usanifu haviangalii alama peke yake, vinataka kuona ulichofanya na jinsi ulivyofikiri mpaka ukafika hapo. Nyumbani pana Bagamoyo, chuo cha sanaa kilichopo tangu 1981, pana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na pana Nafasi Art Space pale Mikocheni, ambako utakutana na wanaoishi kwa kazi hii. Huku kwetu pana Chuo Kikuu cha Johannesburg, kilichoundwa 2005 kwa kuunganisha vyuo, na kitivo chake cha sanaa na usanifu kiko Auckland Park, si mbali na ninapokaa. Omba kote. Ukipata huku, kitanda kipo kwangu, na vyombo utaosha wewe.

Nne, PCB yako usiitupe. Hapa wakubwa wasikilize pia. Mtu anayejua moyo una vyumba vinne na anaweza kuuchora mpaka bibi wa Pangani akauelewa, nionyesheni tunao wangapi. Mabango mengi ya afya ninayoyaona yamejaa maneno kama barua ya mahakama. Mgonjwa wa kisukari anapewa karatasi isiyosomeka, halafu tunamlaumu kwa kutofuata masharti. Kuna kazi hapo ya maisha mazima.

Tano, jifunze hela. Makadirio ya bei kwa maandishi, nusu ya malipo kabla ya kuanza, na makubaliano ya nani anamiliki mchoro. Tanzania sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na ofisi yake, COSOTA, ipo. Inalinda kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Sheria ipo, wanaoijua ndio wachache.

Najua mjomba ana swali moja limebaki, na ni swali zuri kuliko yote aliyouliza. Alinitumia picha akaandika: "Akili mnemba imechora hii kwa sekunde tano. Huyo mtoto ataajiriwa na nani?" Mjomba, sitakudanganya. Kazi za kubandika maua kwenye kadi ya siku ya kuzaliwa zinakwisha, na aliyetegemea hizo tu ana haki ya kuogopa. Lakini tazama ile picha yako vizuri. Neno la Kiswahili lililoandikwa juu yake limekosewa herufi mbili, na hiyo "Tanga" yako ina nyumba ambazo hazipo Tanga yoyote. Mashine haikujua, nawe hukuona.

Wodini tuna mashine zinazopima presha zenyewe, mapigo zenyewe, hewa yenyewe. Hazikumfukuza nesi kazini. Namba ikitoka, lazima awepo mtu anayejua kwamba namba hii kwa mgonjwa huyu ni uongo, pima tena. Na usanifu ni vivyo hivyo. Atabaki anayejua kitu gani kisemwe, kwa nani, na nani atawajibika kikikosewa. Kwa hiyo kama unaiogopa akili mnemba, mjomba, hiyo ni sababu ya kumsomesha mtoto zaidi, si ya kumzuia asisome. Anayeishia kwenye kubonyeza ndiye mashine itakayemla.

Basi, ndugu zangu, nimesema mengi na zamu inaningoja. Mimi nimeshatenga mchango wangu wa mwaka wa kwanza. Uliobaki nimeupigia hesabu na nimepata pa kuutoa. Hii hapa bili, kwa bei ya kindugu kabisa:

Kadi za mchango za harusi, baba mkubwa: shilingi 150,000.
Nembo na bango la duka, mjomba: shilingi 200,000.
Kipeperushi cha kikundi, mama mkubwa: shilingi 50,000.
Stika za pikipiki, jirani: shilingi 30,000.
Fulana za msiba wa babu: hazidaiwi, zile alimchorea babu yake.

Jumla ni shilingi 430,000. Zitumwe kwa namba ya simu ya binti mwenyewe, si kwangu, na si kwa baba yake. Anayetaka kupunguziwa bei aongee naye kwa heshima, kama mnavyoongea na mpishi wa pilau. Na kuanzia leo atakayetaka kadi, awe na nusu mkononi.

Nasubiri matusi yenu kundini. Wasalaam, shangazi wa Jozi.